Mama alikuwa mtani wa misiba Uluguru. Alipoanza kusahau, kijiji kizima kilidhani bado anatania

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, na wadogo nimeshaitikia marahaba kabla hamjaniamkia.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi ya mwandishi. Nyuzi zenu za siasa na mpira huwa napita kimya kimya. Ila kuna mtu juzi alifungua uzi wa kucheka, anasimulia bibi yake anavyouliza swali moja asubuhi mpaka jioni. Comments zote ni vicheko. Nikajaribu kucheka na mimi nikashindwa, ndiyo maana naandika.

Nitakayosimulia niliyaona mwenyewe. Pale nilipoambiwa tu na watu, nitasema niliambiwa. Majina nimebadilisha, isipokuwa la mlima, maana mlima hauna ndugu wa kunishtaki.

Halafu wale mnaoniita "kaka mkuu", mimi ni mwanamke na wajukuu ninao. Tuendelee.

Kwetu ni mlimani, juu ya Mlali, njia ya kwenda Mgeta. Ninayoyasema ni ya miaka ile soko huria limeanza kukolea. Malori ya Dar yalikuwa yanapanda mpaka barabara inapoishia, mwenye kabichi anauza kabichi, mwenye karoti anauza karoti. Mitumba imejaa, kila nyumba redio, na maduka ya dawa yanafunguliwa kama vibanda vya soda. Wa umri wangu mnakumbuka.

Baba alikuwa Turiani kwenye mashamba ya miwa. Nyumbani alikuja kwa nadra. Alifia huko huko kwa homa ambayo hatukuelezwa vizuri, tukaletewa maiti tukazika. Hili la baba lishikeni, litarudi.

Mama, nimwite Bi Zainabu, alikuwa mkulima kama wanawake wote wa kule. Shamba la ukoo wake, maana sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama. Anashuka na tenga la karoti kichwani kwenye vile vijia ambavyo nyie wa mjini mngeshuka kwa makalio.

Lakini hakujulikana kwa karoti. Alijulikana kwa utani.

Kwa wale ambao kwenu utani wa koo umekufa, niwaeleze kidogo. Ukoo wa mama ulikuwa na watani wao, ukoo mwingine pale pale mlimani. Mtu wa ukoo ule akifa, watu wa ukoo wa mama ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaosimamia jiko, na ndio wanaofanya vituko mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanatiririka. Na wao vivyo hivyo kwetu. Mtani anaweza kukunyang'anya sufuria, anaweza kulala kaburini akasema hatoki mpaka apewe kuku. Anavaa nguo za marehemu na kumuigiza anavyotembea. Na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, aibu ni yako.

Mama alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kituko chake kilichojulikana mpaka Mlali kilikuwa hiki: anafika msibani amechelewa makusudi, tenga kichwani, anasimama katikati ya waombolezaji anashangaa.

"Jamani, mbona mmejaa hivi? Nani kafa?"

Watu wanamjibu, fulani. Yeye anatua tenga.

"Nani, yule? Hajafa huyo. Mvivu tu, kasikia mvua za kupandia zimekaribia."

Basi hapo msiba mzima hoi. Hata mjane anacheka. Nimeshaona mtu aliyezimia kwa kulia akaamka kwa sababu ya mama yangu.

Mshindani wake kwenye utani alikuwa Mzee Kibwana, wa ukoo ule wa pili. Mrefu, mweusi, ana meno machache na mdomo mkubwa. Huyo alikuwa anaingia kwetu bila hodi, anafunua chungu, anakula, anamwita mama fisi jike, anaondoka. Mama naye akienda kwake anamfungulia mbuzi. Walikuwa wanapendana sana wale wazee, kwa namna yao.

Sasa nije kwenye ugonjwa.

Mwaka mmoja wa mavuno mazuri mama alitokwa na malengelenge usoni. Upande wa kushoto, kutoka kwenye nywele, kipaji, mpaka kwenye kope. Maumivu yake, wakuu, sijawahi kuona. Mwanamke aliyezaa watoto akiuma kipande cha khanga bila sauti, sasa analia kama mtoto kwa sababu upepo umemgusa uso.

Mama mdogo Mwajuma, mdogo wake wa tumbo moja, alipouona uso ule alifunga mlango.

"Huu ni mkanda wa jeshi. Asije mtu humu ndani."

Wale vijana wa siku hizi hamuwezi kuelewa. Mkanda wa jeshi miaka ile ilikuwa hukumu. Watu walikuwa wanakufa kwa ukimwi bila dawa, na wengi walikuwa wanaanza na mkanda. Kwa hiyo mtu akitokwa na mkanda tu, kijiji kinaanza kumkadiria. Na mama ni mjane wa mtu aliyefia Turiani, kwenye kambi za wageni kutoka kila mkoa. Watu wangejumlisha wenyewe.

Tukamficha. Tukasema kaungua na mafuta ya maandazi. Alipakwa majani yaliyotwangwa, akapewa vidonge kutoka duka la dawa ambavyo muuzaji mwenyewe alikuwa anavisoma kwa kuhangaika. Vidonda vikakauka, likabaki kovu kwenye kipaji na jicho moja linalotoa machozi bila sababu. Kijiji kikaamini mafuta ya maandazi.

Akarudi shambani, akarudi kwenye misiba, tukasema alhamdulillah.

Nafikiri miaka kama miwili hivi ikapita. Ndipo mke wa Mzee Kibwana akafariki. Mama akaenda kufanya kazi yake ya utani, nami nikaenda naye kusaidia jikoni. Akasimama na tenga lake.

"Jamani, nani kafa?"

Kicheko. Mzee Kibwana mwenyewe, mfiwa, akasema, "Amekufa mke wangu, fisi wewe, umefurahi?" Mama akamalizia na maneno yake ya kawaida, kazi ikaenda vizuri, tukazika.

Jioni tunashuka kurudi nyumbani, mimi na yeye tu. Njia tupu. Tukakatiza kwenye mashamba ya njegere, mama akasimama akageuka nyuma kule tulikotoka.

"Eti mwanangu, pale walikuwa wamejaa vile, nani kafa?"

Nikacheka. Nilidhani anarudia kituko chake kwa ajili yangu.

Yeye hakucheka. Alikuwa ananiangalia anasubiri jibu, na kwa kweli kwenye uso wake hapakuwa na utani wowote. Nikamjibu. Akashika kichwa, akakaa chini kwenye tuta, akamlilia mke wa Kibwana kana kwamba hajamuosha kwa mikono yake mwenyewe asubuhi ile.

Kuanzia pale sikupata amani.

Nikamwambia mama mdogo Mwajuma, akasema mama yako umemsahau, huyo ndiye mtani. Nikamwambia Mjomba Rajabu, kaka yao mkubwa ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu na mgawaji wa mashamba. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Dada yangu anakufanyia mtihani wewe. Usimpe faida."

Na kusema ukweli walikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Maana mama alikuwa mjanja wa kujitetea. Akisahau jina la jirani anamwita "wewe mchawi". Jirani anacheka, anajua ndiyo kawaida yake. Akienda kwenye shamba la mtu mwingine akang'oa karoti zao, wenyewe wanacheka, mtani huyo. Akavaa gauni juu ya koti, wakacheka. Siku moja alikaa barabarani anagombeza lori lililoegeshwa, kwamba limwamkie, na watu wa sokoni wakawa wanashika mbavu. Mimi nilimshika mkono nikamtoa pale huku natamani kuwatukana wote.

Ugonjwa wowote mwingine ungeonekana. Huu ulipata pa kujificha, ndani ya sifa yake mwenyewe.

Nikaendelea kusema, nao wakaendelea kucheka. Nilifika mahali nikaonekana ndiye mwenye kasoro, binti asiyejua utani, amekaa mjini Morogoro kidogo akajifanya mzungu.

Kisha akafa Mjomba Rajabu.

Wakuu, huyu sasa ni kaka yake mama. Mama ni mfiwa, si mtani. Kwa mila zetu mfiwa anakaa ndani kwenye mkeka, na utani wanaleta wengine. Tulikuwa tumemkalisha pale na wanawake wenzake. Maiti iko chumba cha pili inaoshwa. Mama akainuka, akatoka mpaka mlangoni, akaangalia umati.

"Jamani, mbona mmejaa hivi? Nani kafa?"

Umati wote ulicheka. Wengine walipiga makofi. Nilimsikia mtu akisema huyu mama kiboko, hata kwa kaka yake!

Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni kwake. Akanigeukia, akanishika gauni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie basi. Kwa nini hawaniambii?"

Nilimwambia. Nilikuwa bado sijajifunza kutokumwambia. Alianguka pale pale mlangoni, na hapo ndipo vicheko vilipokatika kimoja kimoja. Mzee Kibwana alikuwa mstari wa mbele akiwa na kofia ya marehemu kichwani, tayari kwa vituko vyake. Akaivua.

Baada ya matanga hakuna aliyebisha tena kwamba mama anaumwa. Nilipata nilichokuwa nakililia muda wote ule, na sikufurahi hata kidogo.

Wakasema kalogwa. Mganga mmoja akaja akasema ni wivu wa mashamba. Nilikataa, nikamshusha mama mpaka Morogoro hospitali, na mama mdogo Mwajuma akatusindikiza. Hapo ndipo tulipoharibikiwa, na sina wa kumlaumu, maana wote tulikuwa tunasema kweli.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akaliona lile kovu la kipaji.

"Hapa aliumia na nini?"

Nikataka kusema maandazi. Mwajuma akaniwahi, kwa sababu ni mtu mzima na aliona mbele ya daktari haifai kudanganya. "Ulikuwa mkanda wa jeshi, daktari."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la kusubiria, nje pale, walikuwepo wanawake wawili wa kijijini kwetu wameleta watoto kliniki.

Daktari akatueleza kuwa anampima ukimwi, na anampima pia kaswende. Mwajuma akataka kukasirika. Daktari akasema, "Mama, kuna maambukizi yakikaa mwilini muda mrefu yanapanda mpaka kwenye ubongo, mtu anapoteza akili. Mengine yanatibika. Ndiyo maana naanza na hayo, natafuta kama kuna kitu cha kutibu."

Kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba akili ya mtu inaweza kuliwa na mdudu kama meno. Nikaomba Mungu, na mtanisamehe, wakuu, nikaomba akutwe na kaswende. Nilitaka kitu chenye sindano.

Tuliporudi kuchukua majibu, yote mawili hakuwa nayo. Damu safi. Daktari akasema mkanda wa jeshi ni mdudu yule yule wa tetekuwanga ya utotoni, anajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, na mtu akizeeka au akichoka anaibuka. Si lazima uwe na ukimwi. Na huku kusahau ni ugonjwa wa ubongo wa uzeeni, dawa ya kumrudisha alivyokuwa hakuna. Akanishika bega akasema mvumilieni.

Tukapanda mlima na majibu yetu safi. Kijiji kilikuwa kimeshapata majibu yake siku nyingi.

"Mkanda wa jeshi! Walituficha!" "Kumbe ndio ukimwi aliomletea mumewe kutoka Turiani." "Umeshampanda kichwani."

Nilisema kapimwa, hana. Wakasema daktari kahongwa. Nikasema hata kama angekuwa nao, hauambukizwi kwa kikombe. Wakaitikia ndiyo, ndiyo, huku wanarudi nyuma.

Sasa sikilizeni adhabu yenyewe ilivyokuwa. Hawakumtukana, na hawakumfukuza. Waliacha kumtania.

Watani wetu walikuwa wanapita mbele ya nyumba wanasema "Shikamoo Bi Zainabu", kwa adabu, mikono nyuma, wanakwenda zao. Shikamoo! Watu ambao zamani wangemnyang'anya khanga begani. Hakuna aliyefunua tena chungu chetu. Hakuna aliyemwita fisi. Yule mama aliyechekwa alipokuwa hatanii, sasa hakuna aliyemchekea hata akitania kweli. Alikuwa anamwambia mtu neno lake la zamani, mtu anatabasamu kwa huruma. Mama anabaki anaangalia huku na huku kama mtu aliyeteremshwa kituo kisicho chake.

Mzee Kibwana naye aliacha kuja. Huyo aliniuma kuliko wote.

Miezi ile mama alikwisha haraka. Mchana alikuwa anakaa kibarazani, na kila aliposikia watu wakipita njiani, anauliza nani kafa. Mwanzoni nilikuwa namjibu ukweli. Kaka yako, mama. Analia. Kesho yake anauliza tena, namjibu, analia tena, kilio kipya kabisa. Nilikuwa namfisha Mjomba Rajabu kila siku.

Basi nikaacha. Nikajifunza kusema, "Hajafa mtu, mama. Watu wamekuja kuvuna karoti."

Naye anasema, "Ala. Basi wape chai."

Ndiyo yakawa maongezi yetu. Nani kafa, hajafa mtu, wape chai. Kwa wale mnaoniuliza kama uongo ni dhambi, nendeni mkawaulize mashehe, mimi nilikuwa nahudumia mgonjwa.

Siku moja alasiri tunakula, mimi nimempa mama bakuli lake la ugali na mlenda. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mzee Kibwana. Amekonda. Alisimama akamwangalia mama, mama akamwangalia yeye. Nikaona atasema shikamoo na yeye, nikajiandaa kumfukuza.

Akaketi chini. Akachukua bakuli kutoka mikononi mwa mama, akakata tonge, akachovya kwenye mlenda ule ule, akala. Akakata lingine.

"Fisi jike wewe," akasema mdomo umejaa. "Unakula peke yako? Ndiyo maana unazeeka vibaya."

Mama hakuwa ananijua mimi siku ile. Tangu asubuhi alikuwa ananiita shangazi. Lakini alimpiga Kibwana kofi la mgongo, akacheka kile kicheko chake, na akaniambia, "Hili jitu jina lake silijui. Ila ni mtani wangu, lifungulie mbuzi wake."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda.

Kibwana akawa anakuja. Si kila siku, lakini anakuja, anakula naye bakuli moja, kusudi majirani waone. Sijui ilimchukua nini kuvuka kile kizingiti. Niliambiwa wanawe walikataa kula naye kwa muda. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia neno.

Mama alifariki wakati wa masika. Alitoka akasema anakwenda kumtazama kaka yake, anaumwa. Tulimkuta kwenye matuta ya chini ya shamba la Mjomba Rajabu, amekaa, amelowa, anatetemeka, anauliza mlango uko wapi. Homa ya mapafu ikamchukua.

Msiba wa mama watu walijaa. Waliokuwa wakipita mbali walikuja wote. Watani walichimba kaburi vizuri sana, kwa kimya. Nadhani waliona aibu, wakajifanya ni heshima. Mbele ya mtani mkubwa kama yule, hakuna aliyethubutu kutania, na msiba ukawa mzito hauendi mbele wala nyuma.

Tukiwa tumekaa, Mzee Kibwana akatokea chini ya kijia. Amejifunga khanga ya mama. Kichwani ana tenga la mama. Anatembea kama mama, goti la kulia likichelewa kidogo. Shehe akakunja uso lakini akamwacha apite.

Akapanda polepole mpaka katikati ya watu. Akasimama, akaangalia umati, akaufanya mdomo kama wa mama.

"Jamani, mbona mmejaa hivi? Nani kafa?"

Hakucheka mtu. Umati wote uliinamisha vichwa. Na yeye mwenyewe alibaki ameshikilia lile tenga kichwani, swali limeshatoka, hana wa kumpokea.

Mimi ndiye niliyejibu. Wala sikupanga, mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Hajafa mtu, mama. Watu wamekuja kuvuna karoti."

Mzee Kibwana akatua tenga chini. Akasema, "Ala. Basi wape chai." Akakaa pale pale kwenye tope akalia mbele za watu, mtani, na ukoo wake mzima wakamwacha alie.

Kumbe kwenye kula kwake bakuli moja na mama alikuwa anatusikiliza.

Sasa kwa nini nawaambia haya leo, baada ya miaka yote hii.

Mwaka jana na mimi nilitokwa na mkanda wa jeshi. Upande wa kushoto, kipajini. Nilipojiona kwenye kioo nilimuona mama. Binti yangu ni muuguzi hapa Morogoro, alinikimbiza hospitali siku ile ile, nikaanzishiwa dawa za virusi mapema, vidonda havikufika mbali. Hakuna aliyenifungia mlango. Dunia imebadilika, tushukuru.

Lakini nilipomsimulia habari za bibi yake, binti alinieleza taratibu. Kwamba kuna watafiti wanaofikiri virusi vya namna hii, vya mkanda na hata vile vya malengelenge ya mdomoni, huenda vina mchango kwenye ugonjwa wa Alzheimer. Kwamba vinaweza kuamsha uvimbe kwenye ubongo wa mtu mzima, na wengine wanachunguza kama chanjo ya mkanda inapunguza hatari. Hawajathibitisha. Alinisisitizia hilo. Wengi hupata mkanda na hawasahau kitu, na wengi husahau bila kupata mkanda. Umri, damu ya ukoo, presha, kisukari, vyote vimo.

Kwa hiyo msije mkanukuu humu kwamba mimi nimesema mkanda unaleta kusahau. Sijui. Inawezekana ule mkanda wa mama ulifungua mlango, inawezekana ulipita tu njia moja na ugonjwa mwingine. Nitakufa sijui.

Ninachojua ni hiki. Tuliuficha mkanda kwa kuogopa maneno, ukatibiwa kwa majani na vidonge vya kubahatisha. Kisha ugonjwa wa akili ukafichwa na vicheko. Ulipofichuka tukamkimbia mgonjwa. Ukitokwa na mkanda wa jeshi nenda hospitali upesi, usijifungie. Mzee wako akianza kurudia maswali mpeleke apimwe, kuna vinavyofanana na uzee kumbe vinatibika. Na kama hakuna cha kutibu, basi kaa naye mle bakuli moja.

Nakaribisha maoni, hasa kwa madaktari mlioko humu na kwa wenye wazazi wa namna hii. Mnafanyaje? Mnawajibu ukweli au mnawapa karoti kama mimi? Wa kunikosoa nikosoeni, mimi ni mtoto wa mtani, siumizwi na maneno.

Nina ombi moja tu. Nimeanza kusahau sahau. Funguo, majina ya wajukuu, sufuria jikoni. Binti anasema ni umri, na mimi nasema ni umri. Lakini siku mkiniona nimefungua uzi huu huu upya, nauliza swali lile lile kana kwamba sijawahi kuuliza, naomba mmoja wenu asicheke. Anijibu tu kwamba hajafa mtu.